Ile Siku Serikali Ilikuja Kuposa Munigi

Mumeniomba niwaambie kazi ya kuandika PV inafanywaje. Nitawaambia, lakini muniache niseme ninavyotaka mimi, kwa sababu miaka yote ile niliandika maneno ya wengine na leo ni zamu yangu.

PV ni karatasi ya mukutano. Serikali inakwenda kwa watu, inauliza, watu wanajibu, na pembeni kuna mutu mumoja asiyesema kitu, anaandika. Yule mutu alikuwa mimi, Mama Sifa wa Majengo, hapa Goma, mwandishi wa biro, ofisi ya jimbo iliyokuwa inashughulika na jamii za lugha ndogo. Nilifanya hiyo kazi mpaka magoti yalipokataa kupanda pikipiki. Sasa ninyi vijana mumeingia mahali pangu na mashine zenu za kugusa kwa kidole. Sizikatai. Lakini mashine haijui kwamba muzee akivua kofia yake na kuiweka juu ya goti, anataka kusema kitu na anangoja aombwe. Hiyo lazima uione mwenyewe.

Mambo madogo kwanza. Mubebe biki mbili za kuandikia, moja itawakatalia katikati ya neno kubwa. Gari muliache barabarani, muende kwa miguu. Mukipewa mashanza, mukunywe. Hata kama tumbo lako ni la Kinshasa, kunywa. Maziwa yale yamegandishwa kwa ajili yako tangu juzi, na mwenye nyumba anakuangalia mudomo. Na musiandike kitu mbele ya watu kabla kikombe hakijarudi. Haya yote niliyajua kwa kuyakosea.

Volkano iliposhuka mujini, ile kubwa iliyopita katikati ya mitaa mpaka ikaingia ziwani, mimi nilitoka nyumbani na mashine ya kuandika ya biro juu ya kichwa. Nilikuwa nimeipeleka nyumbani kumaliza kazi. Godoro niliacha, sufuria niliacha. Bwana yangu alibeba watoto, mimi nikabeba mashine, tukatembea hivyo mpaka Sake. Mpaka leo tukigombana ananikumbusha. Biro yenyewe iliungua na fishi zote za zamani, majina ya watu wa vijiji na vijiji, kazi ya miaka. Nililia. Jirani yangu mumoja, mama aliyekuwa anauza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, aliniangalia sana, akasema: "Mama Sifa, unalilia karatasi? Majina yetu yote yameungua? Basi aksanti, volkano." Nilimuona mutu asiye na akili. Miaka ilipita kabla sijaelewa alikuwa anasema nini.

Mukutano ninaotaka kuwasimulia ulikuja nyuma kidogo ya ile volkano. Vita moja ya waasi ilikuwa imeisha na ingine haijaanza, ule wakati mufupi ambao sisi wa Goma tunauita amani. Munigi, nje kidogo ya muji, juu ya mawe meusi ya volkano, walikuwa wamekaa familia nyingi zilizotoroka vita ku milima ya Masisi. Wakulima, wachungaji waliobaki na fimbo bila ng'ombe, wakristo wa kusali asubuhi na jioni. Nyumbani walisema Kinyarwanda. Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni tu: bei gani, punguza, aksanti. Na watoto wao walikuwa wanaingia shule, mwalimu anasema Kiswahili na Kifaransa, wanakaa kimya mwaka muzima. Wanarudia darasa, wanarudia tena, kisha wanapewa mbuzi wa kuchunga.

Kulikuwa mwanamuke anaitwa Mwalimu Uwimana. Mwembamba, mukali, ana sauti ya kusikika mpaka barabarani. Yeye alifungua darasa chini ya shitingi, turubai la wakimbizi, pembeni ya kanisa. Mwaka wa kwanza anafundisha watoto kusoma katika lugha ya nyumbani, kisha anawavusha polepole kwenda Kiswahili, kisha Kifaransa. Hakuna aliyemulipa, wazazi walikuwa wanamuletea viazi. Na watoto walisoma. Nilisikia kwa masikio yangu mutoto wa miaka sita anasoma ubao wote, kutoka juu mpaka chini, bila kupumua, kisha anauliza kama kuna mwingine.

Sasa inspekteri wa shule alikuwa amesema: darasa hili halimo katika vitabu vya Serikali, lifungwe. Litaokoka tu kama mashauriano yataonyesha kwamba Munigi kuna jamii ya lugha ndogo na kwamba jamii hiyo inalihitaji. PV ikionyesha vile, Serikali italichukua, itamulipa mwalimu na kujenga chumba. Isipoonyesha, basi. Darasa zima lilikuwa linangoja karatasi yangu.

Delege, mujumbe wa Serikali, akafika kutoka Kinshasa, mutu wa suti na viatu vya kung'aa, na ndege ya kurudi siku ya posho, Jumamosi. Siku ya mardi, Jumanne, tukapanda Munigi. Tulisimamisha jeep mbele ya mulango wa kanisa, watu wakatazama taa zake kabla ya kutazama sura zetu. Hilo kosa tugawane na dereva. Linalofuata ni langu peke yangu.

Nilitoa kaye mupya, daftari la biro. Nilikuwa nimeupiga mistari vizuri na rula: jina, kijiji ulikotoka, lugha ya nyumbani. Nikaupitisha benchi kwa benchi kabla hata delege hajasalimia, ili tusipoteze wakati. Nilikuwa najisifu kwa ule mupango. Niliona mikono inasita. Niliona muzee mumoja ameshika biki muda murefu, nikadhani hajui kuandika, nikamuonea huruma. Kaye ukarudi kwangu umejaa, na mimi nikaweka jina langu mustari wa mwisho, kama mwandishi anavyofanya.

Delege akauliza: "Wazazi wangu, Serikali imekuja kuwasikiliza. Munahitaji musaada gani kwa siku zijazo?"

Watu wakaangaliana. Mwisho akasimama Muzee Sebahire, mutu wa heshima pale, muchungaji wa ng'ombe wa zamani ambaye familia zote zilimuita kusema kwenye harusi zao. Maneno hayakuwa yanamuisha yule muzee. Lakini ile siku alisema: "Tunashukuru Serikali. Tuko bien, tuko muzuri." Akakaa.

Delege akauliza mara ya pili, na ya tatu. Tuko bien. Shule? Iko bien. Watoto? Bien. Mwalimu Uwimana alikuwa amekaa benchi ya nyuma, anaangalia mikono yake. Kabla ya chai kuchemka mukutano ulikuwa umeisha, na mimi nimeandika: hakuna mahitaji yaliyotajwa.

Ndani ya jeep delege akafungua kaye. Lugha ya nyumbani: Kiswahili. Kiswahili. Kiswahili. Kutoka juu mpaka chini, kurasa zote.

"Mama," akaniambia, "nimetoka Kinshasa kuja kuona jamii ya lugha ndogo. Iko wapi?"

Na mimi, mupumbavu, nikacheka.

Kesho yake asubuhi Mwalimu Uwimana alikuja kwangu Majengo kwa miguu, vumbi jeusi mpaka magotini. Alikataa kukaa.

"Mama Sifa, inspekteri amepita. Anasema delege amemuambia ku kaye wenu hakuna mutu wa lugha ndogo hata mumoja. Lundi, wiki ikianza, nisifungue tena."

"Na wewe uliandika nini?"

Akaangalia chini. "Kiswahili."

"Wewe, mwenye darasa?"

"Mama, mimi nilikuwa Masisi wakati watu wa bunduki walipita na kaye. Walikuwa wanauliza maswali mawili tu. Jina lako, na ku nyumba munasema luga gani." Hakusema kilichofuata na mimi sikuuliza. "Jana nikaona ule kaye unakuja, mukono ukaandika wenyewe. Sasa nataka darasa langu."

Nilisikia aibu, na mimi nikisikia aibu ninakasirika, ndivyo nilivyozaliwa. Nilimuambia kwa ukali aende kufundisha, hii kazi ni yangu. Hakuwa ametoka kwenye mulango nikajua sina wazo hata moja.

Nikaenda mutaa wa Katoyi kwa Muzee Kasereka. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Munande wa kutoka Butembo, miwani minene, mutu wa kukurudishia PV mara nne kwa sababu umeandika "watu walifurahi" bila kueleza uliionaje ile furaha. Alikuwa amekwenda retreti, kazi ameacha kwa uzee, nikamukuta anachagua maharagi kwenye ungo. Nilimupa kaye. Akashusha kidole mustari kwa mustari, polepole. Alipofika mwisho akasimamisha kidole.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, muzee."

"Sifa, binti ya Bahunde wa Masisi. Mama yako alikuwa anakuita kwa luga gani ukichelewa kula?"

"Kihunde."

"Na hapa umeandika?"

Niliangalia. Mustari wa mwisho, mwandiko wangu mwenyewe, muzuri, wa shule ya masista: Kiswahili.

"Nani alikulazimisha?"

"Hakuna."

Nilikaa chini kwenye kibao. Vijana, ile ilikuwa kweli. Kila listi, kila kizuizi cha barabarani, miaka yote ya vita, niliandika na kusema Kiswahili, na sikuwahi hata kufikiri. Hata ile siku, ndani ya kanisa, mimi mwenye rula na biki, mufanyakazi wa Serikali, niliandika vile. Ndipo nikamukumbuka mama wa sambaza na aksanti yake kwa volkano: listi iliyoungua haisomwi na mutu wa bunduki.

Muzee Kasereka aliniacha nikae na ile aibu mpaka maharagi yakaisha. Kisha akasema: "Uliwauliza swali lile lile la wale wengine, kwa kaye ule ule. Kila mutu peke yake, ajitaje, ajiandike. Ulitaka wakujibu nini? Sasa niambie. Watu wa Munigi wana jambo moja kubwa wanaloombana kila mwaka, na hakuna mutu anayejiandika popote. Wakienda kuomba musichana, nani anasema?"

Nikasimama kabla hajamaliza.

Kwa wale ambao hawajawahi kufika kwenye posa ya wale watu, niwaeleze. Bwana harusi hasemi. Baba yake hasemi. Upande wa mwanaume unachagua mutu mumoja anayejua maneno, wanamuita umukwe mukuru, na upande wa musichana una wake wa kumujibu. Huyo wa kujibu anaruhusiwa kila kitu: kukataa, kucheka, kutukana kwa heshima, kujifanya hajui hata kama kuna musichana nyumbani. Kila neno lake ni neno la familia nzima, na hakuna atakayeulizwa kesho nani alisema. Na wanaoomba, hata wakiwa matajiri namna gani, wanakaa wanakoonyeshwa na kunyenyekea.

Delege alikuwa hotelini anafunga ripoti. Nilimueleza. Akavua miwani.

"Mama, Serikali ilinituma kuuliza maswali. Haikunituma kuoa."

"Shefu, una bibi?"

"Ndiyo."

"Ulipokwenda kwao mara ya kwanza, uliwapitishia wakwe kaye waandike majina?"

Alijaribu kutocheka, ikamushinda. Lakini nafikiri kilichomubadilisha ni ile ripoti yake, kurasa kumi za "hakuna". Mutu hawezi kusafiri mbali vile na kurudi na hakuna. Akasema: "Na mimi nitafanya nini?"

"Wewe ni bwana harusi. Utakaa kimya."

Tulipeleka neno Munigi kwa Mwalimu Uwimana, naye akalipeleka kwa Muzee Sebahire. Jibu likarudi jioni ile ile: mukuje kesho, siku ya jeudi, muchelewe kidogo, muzee anataka kuwakemea.

Siku ya jeudi tuliacha jeep barabarani. Muzee Kasereka mbele na koti la harusi za zamani, delege nyuma yake, mimi na kaye chini ya kitenge, dereva na kreti za fanta. Ndani ya kanisa mabenchi yalikuwa yamegeuzwa, upande huu na upande ule, wanaangaliana. Delege akakaa haraka bila kuonyeshwa mahali. Watu wakaguna. Nikamuvuta koti akasimama tena. Kisha wakaleta mashanza, kikombe kikubwa, na mutu wetu wa Kinshasa akanyanyua mukono kukataa. Nilimukanyaga muguu. Kile kiatu cha kung'aa nilikikanyaga vizuri kabisa. Akakunywa yote, akatoka na sharubu nyeupe, na kicheko cha kwanza kikatoka upande wa wamama. Hapo nikajua siku yetu inaweza kuwa nzuri.

Muzee Sebahire alisimama na fimbo yake. Hakuwa yule wa mardi.

"Wageni, karibuni. Munatafuta njia ya kwenda Goma? Iko chini pale, mufuate mawe meusi."

Muzee Kasereka akajibu: "Hatukupotea, muzee. Tumesikia hapa kuna musichana muzuri. Anaitwa Darasa."

Kanisa likalipuka. Sebahire akangoja watulie.

"Darasa? Hapa tuko na mumoja tu wa hilo jina, analala chini ya shitingi, miguu imejaa vumbi. Haiwezi kuwa ni yeye. Ninyi ni watu wa familia kubwa."

"Ni yeye."

"Na kijana wenu anaitwa nani?"

"Anaitwa Serikali."

Sebahire akageukia watu wake, uso wa mutu anayetafuta kitu kichwani. "Serikali. Munamukumbuka? Kulikuwa mumoja wa lile jina. Mulima ulipowaka tulimutafuta, hakuonekana. Wakati wa vita tulimuita, hakuitika. Huyu ni ndugu yake?"

Watu walicheka mpaka wengine wakafuta macho. Delege alikuwa anaangalia viatu vyake. Alitaka kujitetea, nilimuona mudomo unafunguka, lakini bwana harusi hasemi, akaufunga. Miaka yote ya kazi yangu sikuwahi kuona Serikali imekaa kimya saa nzima inaambiwa ukweli. Niliandika mpaka vidole vikauma.

"Ni yeye mwenyewe," akasema Kasereka. "Alichelewa. Amekuja kuomba musamaha kwanza, nyuma yake aombe musichana."

Faini ya kuchelewa ikawa kreti ya fanta. Ikapokelewa, ikagawanywa kwa watoto. Kisha Sebahire akaacha kucheka, na sauti ikashuka.

"Kuna jambo lingine. Huyu kijana wenu alipita hapa mardi. Aliingia, hakusalimia, akatuandika. Kwenu ndivyo munaposa? Munafika kwa wakwe munaanza na kuandika wakwe?"

Hakuna aliyecheka. Mabenchi yote yaliniangalia mimi. Muzee Kasereka akasema taratibu: "Aliyeandika ni binti yetu. Alikosea."

Ilinibidi nisimame. Nikafungua kaye, nikachana zile kurasa za majina, zote, na mustari wangu wa uongo mwishoni, nikamupelekea Muzee Sebahire kwa mikono miwili. Karatasi ya Serikali. Delege alinitolea macho, na bado hawezi kusema. Sebahire akazipokea, akawapa wamama waliokuwa wanachemsha chai mulangoni, nao wakaziweka kwenye makaa ya mbabula, chini ya birika. Tulikaa tunaangalia mpaka zikawa majivu. Ile chai nilikunywa vikombe viwili.

Kutoka hapo maneno yalitoka kama hayakuwahi kufungwa. Muzee Sebahire aliomba ng'ombe watatu. Wa kwanza: Mwalimu Uwimana alipwe na Serikali kama walimu wengine. Wa pili: chumba cha mbao na mabati, mvua isifute ubao. Kasereka akalalamika kwamba ng'ombe ni wengi, nyumba ya kijana ni maskini. "Basi muende," akajibu mwenzake, "musichana ana watu wengine." Delege akatikisa kichwa haraka haraka kuonyesha anakubali, watu wakacheka tena.

"Na wa tatu," Sebahire akasema. Akavua kofia. "Watoto wetu watajifunza Kiswahili na Kifaransa, tunataka wenyewe. Lakini waanze na luga ya mama zao. Na mwaka kesho mutu asikuje kutuambia ile luga ibaki ndani ya nyumba, na mulango ufungwe. Tumeifungia ya kutosha."

Nilisikia mutu analia nyuma. Alikuwa Mwalimu Uwimana, analia wazi, hajifichi.

Kasereka akasema tumekubali wote watatu. Lakini Sebahire hakuwa amemaliza, kwa sababu katika posa lazima ukoo wa kijana ujulikane. Akamunyooshea delege fimbo.

"Sasa wewe. Simama. Kwenu ni wapi, na ku nyumba kwenu munasema luga gani?"

Delege akasimama. Kisha akasema yeye ni mutu wa Maniema, wa kijiji ambacho hakiko kwenye ramani ya ofisi yake, na lugha ya kwao ni Kizimba. Akasema: "Sijaisema tangu nyanya yangu alipokufa. Ku karatasi zote za kazi ninaandika Kifaransa." Akatamka salamu ya kwao. Hakuna aliyeelewa hata neno, lakini kanisa zima liliitika.

Mungemaliza hapo mungekuwa mumekosea, na mimi karibu nikosee. PV bila saini ni karatasi ya kufungia mandazi. Inspekteri angeuliza: ni nani aliyesema haya? Na majina yalikuwa majivu. Delege alilijua hilo kama mimi. Akaja akachukua kaye kwangu, na niliona mabenchi yanarudi kuwa ya mardi, mabega yanapanda, macho yanashuka. Darasa lilikuwa limeposwa, limekubaliwa, na sasa lilikuwa linaanguka mbele yetu kwa sababu ya biki.

Delege hakuupitisha kaye. Aliuweka juu ya meza ya pasta, akainama, akaandika mustari wa kwanza yeye mwenyewe. Jina. Kijiji. Lugha ya nyumbani: Kizimba. Akaunyanyua kaye juu, akauzungusha, kila mutu aone. Kisha akanipa mimi biki.

Nimevuka vita na volkano, lakini ule mustari wa pili niliuogopa. Niliandika Sifa. Niliandika kijiji chetu cha Masisi. Niliandika Kihunde, na nilipomaliza nilijisikia mwepesi, nikataka kucheka na kulia pamoja. Nikaunyanyua kaye na mimi. Muzee Kasereka akaandika Kinande, herufi zake kubwa za kiofisi.

Biki ikabaki juu ya meza. Hakuna aliyeita mutu. Muzee Sebahire akaangalia ile karatasi, akaangalia watu wake, akasema kidogo tu: "Wakwe wameandika." Akaja, akaandika. Nyuma yake Mwalimu Uwimana, uso bado umelowa, akaandika kwa herufi za ubaoni, za kusomwa kutoka mbali: Ikinyarwanda. Kisha benchi ya mbele ikasimama. Kisha ya nyuma yake. Wasiojua kuandika walitia kidole kwenye wino na kunisemea lugha yao kwa sauti, na mimi nikaandika. Wengine walitoka bila kuandika, na hakuna aliyewauliza, na ninyi pia musiwaulize. Mustari ulipita mulango, ukafika nje juu ya mawe.

Delege alipanda ndege siku ya posho na ile PV ndani ya koti. Tulingoja miezi, nami niliwatukana watu wa Kinshasa kila asubuhi kwa majina. Lakini lundi ile Mwalimu Uwimana alifungua, na inspekteri hakumugusa, kwa sababu kaye ulikuwa umesema. Na siku moja barua ikafika: mwalimu amekubaliwa, chumba kimekubaliwa. Nilipanda Munigi kumupelekea mwenyewe. Alikuwa anafundisha. Nilimupa barua, akaisoma, akaikunja, akaniambia ningoje, somo halijaisha. Nilingoja kwenye benchi ya watoto, magoti juu ya masikio, na nilikuwa na furaha kuliko siku ya ndoa yangu. Bwana yangu anajua, nilimuambia.

Chumba kilijengwa. Vita ilirudi, mahema yakajaa Munigi, wakafundisha asubuhi na mchana kwa zamu. Volkano ikashuka tena, na safari hii lava ilisimama kabla ya kukifikia. Mabati yamebadilishwa mara mbili. Mwalimu mwenye darasa leo alijifunza kusoma chini ya ile shitingi, na anawakemea watoto kwa ile ile sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Kopi ya karboni ya ule kaye iko kwangu, ndani ya sanduku, chini ya vitenge. Mukuje Majengo muione, chai iko. Wino unaanza kufifia lakini unasomeka. Na lundi mukienda kwa watu na mashine zenu, mukafika pale panapouliza lugha ya nyumbani, mujaze yenu kwanza, na muwaonyeshe.